Uchambuzi wa kisa: daktari wa meno aliyefia kwenye rashasha Saipan, 1944

Kabla sijaanza

Hiki kisa ni cha kweli, cha vita kuu ya pili ya dunia, na nakiandika kwa ajili ya watu wa afya hasa wanaosomea meno, wale ambao wakisema wanaenda kuhudumu jeshini wanaulizwa sasa wewe na meno yako utafanya nini huko. Jina la mhusika nimelitoa, chuo chake nimekitoa, namba za rejimenti na divisheni (vikosi vya jeshi, divisheni ina rejimenti kadhaa na rejimenti ina batalioni kadhaa) na majina ya maofisa walioshika faili lake nimeyatoa pia. Kisiwa na tarehe nimeviacha maana ukivitoa hivo hakuna kisa tena. Anayeijua historia ya vita ile atamtambua tu na sina tatizo na hilo, ila hapa tunasoma maamuzi yake na maamuzi ya waliomhukumu baada ya kufa.

Nitamuita daktari, basi.

Alikuwa nani

Kijana wa Kimarekani, kazaliwa 1914, kamaliza shule ya meno 1937 akiwa na miaka 22 akaanza kazi yake ya kutibu meno kama mhitimu yeyote yule. Miaka mitatu baadae, 1940, Marekani wakaanza kuita vijana jeshini na yeye akaitwa. Sasa sikiliza hapa, hakuitwa kama daktari. Aliitwa kama askari wa miguu wa kawaida kabisa, yule wa kupiga kwata na kulala kwenye handaki, na shahada yake ya meno ikawa haina kazi.

Na alikuwa mzuri. Alifuzu kwenye daraja la juu la ulengaji, kwa bunduki na kwa bastola, akapandishwa mpaka usajenti akapewa kuongoza kundi la bunduki za rashasha. Hiki kipande kiweke kichwani, rashasha, maana kila kitu kitarudi hapohapo.

1942 jeshi likakumbuka kwamba kumbe huyu sajenti ni daktari wa meno. Akaambiwa anahamishiwa kikosi cha tiba ya meno na atakuwa ofisa. Aliomba abaki na askari wa miguu, na wakubwa wake nao wakaomba abaki, ombi likakataliwa. Agosti 1942 akawa luteni, akaanza kazi hospitali ya jeshi kule Hawaii, Mei 1943 akapelekwa kuwa daktari wa meno wa rejimenti moja ya askari wa miguu. Huko asubuhi alikuwa anatibu meno ya watu na mchana anaenda nao mazoezini, na wale vijana walimheshimu kwa sababu kwenye shabaha alikuwa hawezekani. 1944 akawa kapteni.

Kwa hiyo unapomuona kwenye hema siku ya mwisho usimuone kama daktari aliyeokota silaha kwa bahati. Huyu alikuwa watu wawili ndani ya mwili mmoja, na jeshi ndio lilimfanya hivo.

Mazingira

Saipan ni kisiwa kwenye visiwa vya Mariana, bahari ya Pasifiki. Wamarekani walikitaka kwa sababu kutoka hapo ndege kubwa za B-29 zinafika Japani na kurudi. Walishuka ufukweni Juni 15, 1944, wanamaji kwanza, halafu divisheni ya jeshi la nchi kavu ikafata, daktari wetu akiwemo.

Wakati watu wanapigana hakuna anayekuja kung'oa jino. Hilo linaeleweka. Daktari wa meno kwenye mapigano ya moto anakuwa mtu asiye na wagonjwa wake, anasaidia huku na kule. Juni 22 daktari mkuu wa batalioni ya pili akajeruhiwa kwa bomu la mota, nafasi ikabaki wazi, na daktari wetu akajitolea kuishika. Hakuna aliyemlazimisha.

Hapa lazima nieleze batalioni inavotibu majeruhi, maana kuna watu wanadhani alijifanya mpasuaji. Kituo cha batalioni ndio cha kwanza kabisa kuwa na daktari, kipo karibu sana na mstari wa mbele. Kazi yake ni kuzuia damu, kuhakikisha mtu anapumua, kufunga mfupa uliovunjika, kumpa mofini ya maumivu na plazima (maji ya damu) kama damu imemtoka sana, halafu kumtoa hapo haraka aende kituo cha rejimenti nyuma, na kutoka hapo nyuma zaidi kwenye hospitali. Tumbo halifunguliwi hapo. Mtu aliyesomea meno ameshika damu, anajua mishipa ya uso na shingo, anajua njia ya hewa ikiziba inakuwaje, anajua dawa ya ganzi na mshono. Kwa kazi ya kituo hiki anatosha, na kwa taya na uso pengine anazidi wengi.

Mpaka Julai 6 Wajapani kisiwani walikuwa wamebanwa kaskazini, hawana msaada unaokuja kwa bahari. Kamanda wao wa jeshi la nchi kavu akaamuru shambulio la mwisho, yaani watoke wote waliobaki wafe wakipigana, na yeye mwenyewe akajiua kabla shambulio halijaanza. Waliojiunga walikuwemo majeruhi wao wenyewe, wengine wanatembea kwa magongo, wengine silaha yao ni mti uliofungwa singe, kile kisu cha mbele ya bunduki.

Kilichotokea, Julai 7, 1944

Batalioni ya kwanza na ya pili zilikuwa kwenye tambarare ya Tanapag upande wa magharibi wa kisiwa. Kituo cha daktari kilikuwa hema dogo kama yadi 50, yaani mita 45 hivi, nyuma ya mahandaki ya mbele. Mita 45 ni nusu tu ya uwanja wa mpira, unasikia mtu akiita.

Alfajiri shambulio likaja. Makadirio yaliyoandikwa kwenye maelezo ya nishani yake ni Wajapani kati ya 3,000 na 5,000. Ndani ya dakika za mwanzo tu kama majeruhi 30 wakawa wameingia hemani, wengine kwa miguu, wengine wakitambaa, wengine wamebebwa, hema likajaa. Daktari akaendelea kufanya kazi na huku mstari wa mbele unavunjika.

Halafu akaona askari wa adui anamchoma singe majeruhi aliyekuwa amelala karibu na hema. Daktari alikuwa amechuchumaa, akafyatua risasi akiwa amechuchumaa hivohivo, yule akafa. Na kisha akageuka akarudi kwa wagonjwa.

Wawili wengine wakatokea mlango wa mbele wa hema. Wakauawa. Mara wanne wakapenya kwa chini, wanainua turubai la hema na kutambaa ndani. Daktari akawavamia: mmoja alimpiga teke kisu kikamtoka mkononi, mmoja alimpiga risasi, mmoja alimchoma singe, wa nne alimpiga cha tumbo na majeruhi mmoja humohumo hemani akamalizia kwa risasi.

Hapo ndio akatoa amri. Aliwaambia majeruhi wote waondoke, kila mtu kwa namna anavoweza, wajikokote mpaka kituo cha rejimenti kule nyuma, yeye atajaribu kuwazuia hawa mpaka wafike mbali. Akachukua bunduki ya mmoja wa majeruhi akatoka nje.

Nje kulikuwa na rashasha ambayo watu wanne walikuwa wameshauawa wakiishika. Daktari akaishika yeye.

Baadae, mapigano yalipotulia, wenzake waliporudi pale walikuta mwili wake umelala juu ya ile rashasha. Mbele yake kulikuwa na maiti 98 za askari wa Kijapani. Mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi 76 na majeraha mengi ya singe, na waliochunguza walisema mpaka 24 kati ya majeraha yake huenda aliyapata akiwa bado hai. Alama za damu zilionyesha alikuwa ameihamisha bunduki sehemu zaidi ya moja. Alikuwa na miaka 29.

Batalioni zile mbili kwa pamoja zilipoteza watu zaidi ya 650, waliokufa na waliojeruhiwa. Siku mbili baadae, Julai 9, kisiwa kikatangazwa kimetekwa.

Maamuzi, moja moja

La kwanza ni lile la Juni 22 la kujitolea. Angeweza kukaa kituo cha rejimenti nyuma na hakuna ambaye angemnyooshea kidole, cheo chake kilikuwa daktari wa meno. Kwa nini alikwenda? Kwa maoni yangu ni hesabu rahisi tu, kazi ya meno haipo, kazi ya damu ipo, daktari wa damu ameanguka, mimi mikono ninayo. Na alikuwa anawajua wale watu, ameshinda nao mazoezini mwaka mzima.

La pili ndio napenda wasomaji wakae nalo muda mrefu zaidi. Baada ya risasi ya kwanza alirudi kwa mgonjwa. Watu wakisimulia kisa hiki wanapita hapo mbio wafike kwenye rashasha, lakini kwa mtu wa tiba hapo ndipo penye kisa. Ameua mtu sekunde chache zilizopita, moyo unakwenda mbio, na bado akaona kazi yake ni huyu aliyelala hapa anayevuja damu. Silaha ilitumika kiasi cha kumzuia anayeua mgonjwa, ikawekwa, bandeji ikashikwa. Alivumilia kufanya hivo mpaka ikawa haiwezekani tena, yaani mpaka hema lenyewe likawa uwanja wa vita.

La tatu ni amri ya kuondoka. Unao watu 30, wengi hawawezi kutembea vizuri, machela hazitoshi na wa kubeba hawapo. Ukiwabakiza watachomwa mmoja mmoja, ukiwatoa wengine wanaweza kufia njiani. Aliwatoa. Amri ilikuwa fupi na haikuwa na utaratibu wowote wa nani atangulie. Kwenye kupanga majeruhi tunafundishwa kuanza na aliye hatarini zaidi, lakini pale kila mtu alikuwa hatarini kwa kiwango kimoja kwa sababu hatari ilikuwa mlangoni na wala haikujali jeraha la nani ni kubwa.

La nne, kubaki na kushika rashasha. Daktari hapaswi kuacha wagonjwa wake, hilo tunaapa, na yeye kwa macho ya haraka aliwaacha. Mi sioni hivo. Mgonjwa anayetambaa kurudi nyuma anahitaji dakika. Bandeji haimpi dakika. Pale palikuwa na kitu kimoja tu cha kuwapa dakika na watu wanne walishakufa wakikishika, na kwa bahati, nzuri au mbaya sijui, mtu aliyebaki amesimama alikuwa sajenti wa zamani wa rashasha. Mhitimu mwingine yeyote wa meno angetoka pale nje asingejua hata aanzie wapi.

Matokeo ya makaratasi

Ofisa mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika historia ya divisheni alikwenda kukusanya maelezo ya walionusurika na akaandaa pendekezo la Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya Marekani. Likafika kwa jenerali mkuu wa divisheni. Jenerali akakataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba huyu ni ofisa wa tiba, alikuwa amevaa mkononi kitambaa cha msalaba mwekundu, na Mkataba wa Geneva haumruhusu ofisa wa tiba kubeba silaha dhidi ya adui. Akaongeza kwamba anasikitika kwa sababu marehemu anastahili kweli.

1951 mwanahistoria yuleyule akajaribu tena, likarudi kwamba muda wa kupendekeza nishani za vita ile umepita. 1969 mkuu wa huduma za tiba wa jeshi akalifufua, 1970 waziri wa jeshi la nchi kavu akalikubali akalipeleka juu wizara ya ulinzi, likarudi bila kufanyiwa chochote. Miaka ikaenda. 1996 ikatungwa sheria inayomruhusu mbunge kuomba faili la zamani lipitiwe upya hata kama muda umepita, na 1998 daktari wa meno mmoja aliyesoma chuo kilekile na marehemu akapitia kwa mbunge wake. Bunge likaondoa kikomo cha muda, na Mei 1, 2002 rais akaikabidhi nishani kwa huyohuyo daktari aliyehangaikia faili. Toka siku aliyokufa ni karibu miaka 58.

Uchambuzi: sheria ilisomwa vibaya

Naanza na sheria maana ndio iliyonikera zaidi. Mkataba uliokuwa unatumika 1944 ni ule wa Geneva wa 1929 kuhusu majeruhi na wagonjwa vitani. Kifungu cha 8 kinataja mambo ambayo hayaondoi ulinzi wa kituo cha tiba, yaani haki yake ya kutoshambuliwa, na jambo la kwanza kabisa kwenye orodha ni kwamba watumishi wake wana silaha na wanazitumia kujilinda wao wenyewe au kuwalinda majeruhi na wagonjwa walio mikononi mwao. Limeandikwa wazi. Wala sio kifungu kilichofichwa nyuma huko, ni cha 8. Mkataba mpya wa 1949 ukalirudia jambo hilohilo kwenye kifungu cha 22, kwa hiyo halijawahi kuwa la ajabu.

Sasa jenerali alikataa kwa kutumia mkataba uleule unaomruhusu. Simlaumu kama mtu mbaya, alisema mwenyewe anastahili, ila mi naona alifanya kosa ambalo sisi wote tunalifanya, kushika kanuni kwa jumla yake, daktari hapigani, bila kufungua kitabu kuona imeandikwaje. Na akishasema mkubwa basi faili linakuwa na doa, kila anayelifungua baadae anaanza na lile neno la kwanza.

Ila nitakuwa muongo nikisema sheria ilikuwa nyepesi kabisa. Bunduki na bastola ni silaha za mtu mmoja, zinaeleweka kama za kujilinda. Rashasha ile ni silaha ya kikundi, ya mstari wa mbele, na daktari alitoka nje ya hema kwenda kuishika. Kifungu cha 7 cha mkataba huohuo kinasema ulinzi unakoma kituo kikitumika kumdhuru adui. Je, alipotoka nje alikuwa bado analinda wagonjwa au ameshakuwa askari wa miguu? Jibu langu linatoka kwenye mfuatano. Amri ya kuondoka ilitangulia, rashasha ikafata. Wagonjwa walikuwa njiani, wanatambaa, na kati yao na adui hakukuwa na kitu kingine zaidi yake. Angetoka kabla ya kuwaamuru waondoke ningekuwa na mashaka, hakutoka kabla. Ukiulizwa aina ya silaha unaweza kubisha mpaka kesho, ukiulizwa ilikuwa inamlinda nani hakuna ubishi.

Linganisha na daktari mwingine wa meno, wa jeshi la majini la Marekani, kijana aliyemaliza chuo 1915 na akafa Juni 1918 kule Bouresches, Ufaransa, vita ya kwanza, akiwa amembeba ofisa majeruhi kumtoa kwenye moto. Yeye naye alipewa Nishani ya Heshima baada ya kufa, na yeye hakuhitaji nusu karne. Wote wawili ni wahitimu wa meno, wote walikufa wakimweka majeruhi nyuma ya mgongo wao. Tofauti ni kilichokuwa mikononi.

Uchambuzi: ushahidi

Kilichofanya kazi ni yule mwanahistoria kuwafata walionusurika mapema, damu ikiwa bado haijakauka kama tunavosema. Bila maelezo yale ya 1944 wala 2002 isingekuwepo, maana hakuna faili linalofufuka kama halikuzaliwa.

Lakini angalia ushahidi wenyewe ulivo. Yaliyotokea ndani ya hema yalionwa na wagonjwa, ndio maana tunajua teke, kisu, tumbo, mpaka nani alimalizia. Yaliyotokea kwenye rashasha hakuna aliyebaki kuyasimulia kwa ukamilifu, yamejengwa kutokana na mwili, alama za damu, na maiti zilivolala. Ni ushahidi wa aina mbili na ni muhimu kuzitenganisha unapoandika ripoti. Niliyoona weka peke yake, niliyokisia kutokana na nilichokuta weka peke yake. Kwenye masimulizi mengi ya kisa hiki vimechanganywa na ndio unakuta mtu anaeleza alivokuwa anapumua pale kwenye bunduki, nani alimuona?

Na ile namba 98. Inatajwa kila mahali, inashangiliwa. Mi nimeiandika kwa sababu ni sehemu ya kumbukumbu lakini siifurahii. Wale nao walikuwa vijana walioamriwa kufa na mkubwa ambaye ameshajiua, na wengine wao walikuwa majeruhi waliotakiwa kuwa kwenye hema la daktari wao. Namba ninayoitafuta mimi ni ya wale 30, wangapi walifika nyuma.

Uchambuzi: kituo na mpango

Kituo kuwa mita 45 nyuma ya mstari kuna faida kubwa, majeruhi 30 walifika ndani ya dakika chache tu na wengine kwa kutambaa, wangewekewa kilomita moja wasingefika. Gharama yake ni kwamba mstari ukivunjika daktari ana sekunde, hana dakika. Siwezi kusema walikosea pa kukiweka, tambarare ile haikuwa na sehemu ya kujificha na askari walikuwa wamejipanga hapo. Ninachoona kilikosekana ni mpango wa pili. Hema ni turubai, linainuliwa kwa mkono mmoja, wanne waliingia kwa chini. Amri ya kuondoka ilitoka baada ya adui kuingia ndani, wakati ambapo ilitakiwa iwe imeshapangwa jana yake: tukisikia hivi wanaotembea wanaanza, wawili wawili, njia ni hii, fulani anatangulia. Kwa usiku ambao kila mtu alijua adui amebanwa na hana pa kwenda, hilo lilikuwa la kutegemewa.

Simbebeshi daktari peke yake lawama hiyo. Alikuwa na wiki mbili tu kwenye kazi ile, amerithi kituo cha mtu aliyeanguka, katikati ya vita inayosogea kila siku. Ila kama unasimamia kituo cha tiba popote penye hatari anza na hilo swali, tunatokaje, kabla hujapanga dawa kwenye kasha.

Uchambuzi: jeshi na shahada yake

Jeshi lilimchukua daktari likamfanya askari wa miguu, halafu likamchukua askari mzuri wa miguu likamfanya daktari wa meno bila kumuuliza, halafu vita ikamfanya daktari wa batalioni. Mara mbili za kwanza ni karatasi ndio iliamua, ya tatu aliamua mwenyewe. Kwa kupanga watu ni uzembe, 1940 mhitimu wa meno alitakiwa kuwa kwenye tiba toka siku ya kwanza. Na bado ule uzembe ndio uliomfundisha rashasha, na rashasha ndio iliwapa wale wagonjwa dakika zao. Sijui nifanye nini na hilo, siwezi kulifundisha kama njia nzuri ya kugawa kazi.

Ninachoweza kufundisha ni upande mwingine wa sarafu hiyo. Aliweza kushika kituo Juni 22 kwa sababu hakuwa amejifungia kwenye kiti cha meno. Alikuwa mazoezini na watu, anajua kituo kinafanyaje kazi. Mhitimu wa meno anayekwenda kuhudumu kwenye vita au maafa anatakiwa awe ameshafanya kwa mikono yake kuzuia damu ya mguu, kufungua njia ya hewa, kuweka sindano ya mshipa kwa mtu aliyepoteza damu, kupanga majeruhi wengi kwa mpigo. Awe ameyafanya kwa wingi, kabla, chini ya mtu anayejua, sio kusoma tu ili afaulu mtihani. Na ajue kifungu cha 22 kinasema nini, akijue kwa maneno yake kamili, kwa sababu siku ikifika hakuna atakayekuwa na muda wa kumsomea, na waliomzidi cheo wanaweza wakawa hawakijui.